Vijito Vilivyozikwa: Historia ya Maji ya Makazi ya Kale ya Engaruka Chini ya Nyanda za Juu za Ngorongoro

Ikisiri

Makala hii inaeleza historia ya vijito na mifereji iliyonywesha mashamba ya Engaruka, makazi makubwa ya kale yaliyokuwa chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, upande wa mashariki wa nyanda za juu za Ngorongoro, kati ya karne ya 15 na karne ya 18. Mifereji hiyo leo imekauka, na sehemu yake kubwa imefukiwa na mchanga na tope. Makala inapitia kwa ufupi historia ya utafiti wa magofu hayo, inaeleza namna mfumo wa umwagiliaji ulivyofanya kazi, na inajadili sababu zilizotolewa kuhusu kukoma kwake. Hoja kuu ni kwamba tope halikuwa adui wa wakulima wa Engaruka, kwa kuwa walilitumia kujenga mashamba yao. Kwa hiyo kufukiwa kwa mifereji kunapaswa kuelezwa pia kwa kukoma kwa kazi ya pamoja iliyoielekeza, mbali na upungufu wa maji. Hoja hiyo inapimwa kwa kuangalia utaratibu wa maji wa Wabatemi wa Wilaya ya Ngorongoro, na maana yake inaelezwa kwa Karatu na Ngorongoro za leo.

1.0 Utangulizi

Historia ya miji mingi ina maji yaliyofichwa. Mjini London, mto Fleet ulifunikwa hatua kwa hatua kuanzia karne ya 18, na leo unapita chini ya barabara kama mfereji wa majitaka. Mjini Seoul, kijito cha Cheonggyecheon kilianza kufunikwa kwa zege mwaka 1958, kisha kikafukuliwa na kurudishwa juu ya ardhi mwaka 2005. Unguja nayo ilikuwa na mkono wa bahari uliotenganisha Mji Mkongwe na upande wa pili. Mkono huo ulifukiwa kidogo kidogo hadi ukatoweka, lakini lugha haikuusahau: watu bado husema Ng'ambo, ingawa hakuna tena maji ya kuvuka, na bado hununua bidhaa Darajani, ingawa daraja halipo.

Katika mifano hiyo mitatu, aliyefukia maji ni mji wenyewe, ambao uliendelea kuishi na kukua juu yake. Engaruka ni kinyume chake. Hapo maji yalipofukiwa, makazi nayo yalitoweka. Hakuna barabara wala soko lililojengwa juu ya mifereji ile. Kilichobaki ni mistari ya mawe, vichuguu vya mawe yaliyoondolewa mashambani, na mabwawa ya udongo mkavu ambamo zamani maji yalitembea. Tofauti hiyo ndiyo inayoifanya Engaruka kustahili kuchunguzwa kama kisa cha kijito kilichopotea: inaonesha uhusiano wa mji na maji yake pale ambapo mji haukuwa na maji mengine ya kukimbilia.

2.0 Mahali na chanzo cha maji

Magofu ya Engaruka yapo katika Wilaya ya Monduli, Mkoa wa Arusha, kaskazini mwa Mto wa Mbu na kusini mwa Ol Doinyo Lengai. Kiutawala hayamo katika wilaya za Karatu wala Ngorongoro, lakini kimaumbile ni sehemu ya mfumo uleule. Ukweli huo ulitambuliwa mwaka 2018, UNESCO ilipoiingiza Ngorongoro-Lengai katika orodha ya hifadhi za jiolojia za dunia. Hifadhi hiyo inaunganisha maeneo ya Karatu, Ngorongoro na Monduli, na magofu ya Engaruka ni miongoni mwa vivutio vyake.

Kiini cha mfumo huo ni nyanda za juu zilizojengwa na volkano: Ngorongoro, Olmoti, Empakaai, Oldeani na Loolmalasin, ambao una kimo cha zaidi ya mita 3,600. Misitu ya nyanda hizo hunasa ukungu na mvua, kisha huyaachia maji taratibu. Baadhi yake hushuka ndani ya kreta, kama kijito cha Munge kinachotoka Olmoti na kuishia katika ziwa la magadi lililo sakafuni mwa Ngorongoro. Mengine hupenya ardhini na kujitokeza kama chemchemi upande wa Karatu na Ziwa Eyasi. Mengine huteremka mashariki kupitia makorongo ya ukuta wa Bonde la Ufa. Mto Engaruka ni wa kundi hili la mwisho.

Sakafu ya bonde chini ya ukuta huo ni kavu. Mvua yake ni takribani milimita 400 kwa mwaka, nayo haitabiriki. Kiasi hicho hakitoshi kulima mtama kwa uhakika msimu baada ya msimu. Kwa hiyo wakulima wa Engaruka walitegemea mvua iliyonyesha mbali nao, mlimani, na iliyowafikia kwa njia ya korongo. Mto Engaruka hutiririka mwaka mzima hadi leo. Vijito vingine kaskazini na kusini mwake, kikiwamo Olemelepo, sasa huwa vikavu kwa sehemu kubwa ya mwaka, ilhali mifereji ya kale inaonesha kwamba navyo viliwahi kunywesha mashamba. Hivyo basi, neno "kupotea" lina maana mbili katika kisa hiki: vijito vilivyopungua vyenyewe, na mifereji iliyofukiwa.

3.0 Historia ya utafiti

Mjerumani Gustav Fischer alipita Engaruka mwaka 1883 na kuandika habari za magofu ya mawe. Hans Reck, mwanajiolojia aliyejulikana zaidi kwa kazi yake ya Olduvai, alifika huko kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Uchunguzi wa kwanza wa kiakiolojia ulifanywa na Louis Leakey mwaka 1935. Leakey (1936) alihesabu misingi ya nyumba kwa maelfu na kukadiria kwamba mji huo ulikuwa na makumi ya maelfu ya watu.

Makadirio hayo hayakudumu. Hamo Sassoon, aliyefukua katika miaka ya 1960, alionesha kwamba si kila jukwaa la mawe lilikuwa nyumba, na kwamba nyumba zote hazikukaliwa kwa wakati mmoja (Sassoon, 1967). Peter Robertshaw alifanya ufukuaji mwingine mwanzoni mwa miaka ya 1980. John Sutton, katika kazi zake za mwaka 1978 na 1998, ndiye aliyeugeuza mjadala kutoka kwenye nyumba kwenda kwenye mashamba. Kwake yeye, swali la msingi lilikuwa namna watu wengi walivyoweza kula mahali palipo pakavu kiasi kile. Baadaye Daryl Stump (2006) alionesha kuwa mashamba yalipanuliwa kwa awamu, na kwamba sehemu zote za mfumo hazikulazimika kutumika kwa pamoja.

Mabadiliko hayo ya makadirio yana funzo la mbinu. Magofu huwasilisha kwa pamoja, juu ya ardhi, mambo yaliyotendeka kwa zaidi ya vizazi kumi. Mtafiti anayehesabu mawe bila kutenganisha awamu huwakusanya mababu na vitukuu katika siku moja, kisha hushangazwa na ukubwa wa mji alioujenga mwenyewe.

4.0 Namna mfumo ulivyofanya kazi

4.1 Kutoka korongoni hadi shambani

Makazi yalikuwa vijiji saba vilivyojengwa kwenye mteremko chini ya ukuta wa bonde. Nyumba zilisimama juu ya majukwaa yaliyochimbwa katika mteremko na kuzuiwa kwa kuta za mawe yasiyounganishwa kwa udongo wala chokaa. Mashamba yalianza chini ya vijiji na kuenea bondeni, yakifunika eneo la takribani kilomita za mraba 20. Mpangilio huo una mantiki: ardhi inayoweza kufikiwa na maji haikupotezwa kwa kujengwa nyumba.

Mifereji mikuu ilichukua maji karibu na midomo ya makorongo, mahali ambapo mto bado uko juu ya usawa wa mashamba. Kutoka hapo ilifuata mteremko mdogo sana kando ya kilima, mahali pengine ikiwa imeinuliwa na kuimarishwa kwa mawe ili isipoteze kimo kabla ya wakati. Mifereji midogo ilishuka kutoka kwenye ile mikuu na kuingia katika vitalu vilivyogawanywa kwa mistari ya mawe. Mteremko ukizidi, maji hukata udongo. Ukipungua mno, maji husimama na kuacha tope. Kulipima hilo kwa jicho na kwa uzoefu, katika umbali mrefu, kulihitaji ujuzi uliorithishwa.

Mabaki ya mtama yaliyoungua yamethibitisha zao lililolimwa. Mifupa ya ng'ombe, mbuzi na kondoo inaonesha kwamba mifugo ilikuwapo, na maboma ya mawe yaliyo katikati ya mashamba yamemfanya Sutton (1998) kupendekeza kwamba wanyama walifungiwa na kulishwa humo, na samadi yao ikarudishwa shambani.

4.2 Mashamba yaliyojengwa kwa tope

Uchunguzi wa karne ya 21 umeongeza jambo lililobadilisha uelewa wa kisa kizima. Carol Lang na Daryl Stump (2017) walichunguza tabaka za udongo wa mashamba ya Engaruka na kuonesha kwamba sehemu ya mashamba hayo haikuwa ardhi ya asili iliyokutwa pale. Ilijengwa. Wakulima waliweka kuta fupi za mawe kukingama njia ya maji yaliyobeba mashapo. Maji yalipopunguza kasi nyuma ya ukuta, mchanga na tope vilituama. Tabaka lilipojaa, ukuta uliinuliwa, na tabaka jingine likaongezwa. Kwa njia hiyo mto uligeuzwa kuwa mchukuzi wa udongo kutoka mlimani hadi shambani, na mahali palipokuwa na mawe matupu pakapata kina cha udongo wa kutosha kupanda mtama.

Matokeo hayo yana uzito wa pekee kwa mada ya maji yaliyozikwa. Chini ya shamba la Engaruka kuna mkondo wa zamani, na chini ya mkondo huo kuna uso wa shamba uliotangulia. Kuzika kijito hakukuanza pale mji ulipoanguka. Wakulima wenyewe walikuwa wakizika mikondo midogo kila msimu, kwa makusudi, na kufungua mingine. Kufukia kulikuwa sehemu ya kulima.

5.0 Kukoma kwa mfumo: sababu zilizotolewa

Kufikia mwanzoni mwa karne ya 19 mashamba yalikuwa yameachwa. Sababu zilizopendekezwa zinaweza kugawanywa katika makundi matatu.

Ya kwanza ni ya vita na uhamaji. Kuenea kwa Wamaasai katika Bonde la Ufa kulitajwa mapema kama sababu ya kutoweka kwa wakulima. Udhaifu wa maelezo haya ni kwamba hayaoneshi kwa nini jamii nyingine za wakulima wa umwagiliaji, zilizozungukwa na wafugaji haohao, ziliendelea kuwapo.

Ya pili ni ya hali ya hewa. Lars-Ove Westerberg na wenzake (2010) walilinganisha historia ya mfumo wa Engaruka na kumbukumbu za mvua, zikiwamo zile zinazosomwa katika mashapo ya ziwa lililo ndani ya kreta ya Empakaai, mlimani juu ya Engaruka yenyewe. Ulinganisho huo unaonesha kwamba vipindi vya ukame na vya mvua vilipishana katika karne ambazo mji uliishi, na kwamba mabadiliko ya maji ni lazima yahesabiwe pamoja na nguvu za kijamii. Kukauka kwa vijito vya pembeni kunaipa hoja hii msingi. Hata hivyo, Mto Engaruka haukukauka. Kama ukame peke yake ungetosha kueleza, ingetarajiwa mashamba ya vijito vya pembeni yaachwe na yale ya mto mkuu yaendelee, japo kwa watu wachache zaidi.

Ya tatu ni ya mfumo wenyewe: kuchoka kwa udongo, au kuongezeka kwa watu kupita uwezo wa maji. Ugunduzi wa mashamba ya tope unaidhoofisha hoja ya udongo kuchoka, kwa kuwa kila mafuriko yaliyoelekezwa yalileta udongo mpya. Lakini ugunduzi huohuo unaibua jambo ambalo halikutiliwa mkazo wa kutosha. Mfumo unaoishi kwa kukamata tope unahitaji kazi isiyokoma. Mfereji unaobeba tope hujaa usipozibuliwa. Ukuta unaokamata tope hufunikwa usipoinuliwa. Mto unaobeba mawe wakati wa masika hubomoa banio, nalo lazima lijengwe upya kabla ya kiangazi. Hakuna kaya moja inayoweza kuifanya kazi hiyo, kwa sababu mfereji mkuu hupita mbele ya mashamba ya wengi kabla ya kumfikia wa mwisho.

Kutokana na hayo, makala inapendekeza kwamba sababu zilizotajwa zisichukuliwe kama washindani. Vita, ukame au kupungua kwa watu, kila kimoja kingeweza kuufikia mfumo kupitia mlango mmoja: kupungua kwa mikono na kuvunjika kwa mapatano yaliyoileta mikono hiyo pamoja. Baada ya hapo, tope lilelile lililojenga shamba ndilo lililofukia mfereji. Mto haukubadili tabia yake. Aliyekosekana ni wa kuuelekeza.

6.0 Utaratibu uliosalia

Hoja iliyotolewa haiwezi kupimwa Engaruka peke yake, kwa kuwa mawe hayahifadhi mapatano ya watu. Inaweza kupimwa kwa jamii zilizo jirani. Wabatemi, wanaojulikana pia kama Wasonjo, huishi katika Wilaya ya Ngorongoro, katika vijiji kama vile Samunge, Digodigo na Sale, chini ya miteremko yenye chemchemi na vijito. Robert Gray (1963) alieleza kwamba maji ya umwagiliaji katika jamii hiyo yalikuwa chini ya baraza la wazee walioitwa wenamiji. Baraza hilo liligawa zamu za maji, lilisimamia ukarabati wa mifereji na mabanio, na lilitoza faini kwa aliyekiuka zamu. Mamlaka yake hayakuishia kwenye maji. Lilikuwa ndilo serikali ya kijiji, na heshima yake iliungana na imani na matambiko ya jamii. Kwa maneno mengine, kumiliki zamu ya maji na kuwa raia kamili wa kijiji yalikuwa mambo yanayokaribiana sana.

Hali kama hiyo inaonekana kwa Wamarakwet wa Kenya, ambao mifereji yao chini ya ukuta wa Bonde la Kerio inagawanywa na kutunzwa na koo, na kwa Wachaga wa Kilimanjaro na mifongo yao. Katika mifano yote mitatu mifereji ni ya udongo, mawe na matawi, vitu visivyodumu. Kilichodumu ni utaratibu wa kuijenga upya.

Upande wa Karatu, Wairaqw wametajwa mara nyingi katika mjadala wa nani waliokuwa wakazi wa Engaruka. Kilimo chao cha makini katika nyanda za Mbulu, chenye makinga-maji, matumizi ya samadi na ufugaji wa ng'ombe wachache karibu na nyumba, kinafanana kwa kiasi na kile kinachodhaniwa kuwa cha Engaruka. Wabatemi nao wametajwa kwa sababu ya umwagiliaji wao. Kufanana kwa mbinu hakuthibitishi nasaba, kwa kuwa jamii jirani hujifunza na kuoana. Kwa madhumuni ya makala hii, swali la nasaba lina uzito mdogo kuliko lile la ujuzi: maarifa ya kuongoza maji ya nyanda za juu hayakufa pamoja na mji. Yalibaki pale ambapo palikuwa na baraza la kuyashika.

7.0 Maana kwa Karatu na Ngorongoro za leo

Mji wa Karatu umekua haraka tangu wilaya yake ilipotengwa na Mbulu katika miaka ya 1990, na utalii wa Ngorongoro umeongeza hoteli, kaya na mahitaji. Maji yake hutoka katika chemchemi na visima vinavyolishwa na msitu wa nyanda zilezile. Huko Mang'ola, chini ya Mlima Oldeani, vitunguu vinavyouzwa ndani na nje ya nchi hulimwa kwa maji ya chemchemi yanayogawanywa kwa mifereji, na kila anayelima chini hutegemea uadilifu wa anayelima juu. Engaruka yenyewe ina wakazi, wengi wao Wamaasai, wanaolima mahindi na maharage kwa mifereji inayotoka katika mto uleule. Mahali pengine mifereji mipya hupita kando ya ile ya kale, na mawe ya kale huchukuliwa kwa ujenzi.

Zaidi ya hayo, chini ya bonde la Engaruka kuna hazina nyingine ya maji: maji ya magadi yaliyo ardhini, ambayo Shirika la Maendeleo la Taifa limekusudia kuyatumia kuzalisha magadi soda. Mradi wa aina hiyo huleta ajira na mapato, na pia huhitaji barabara, makazi na maji baridi. Magofu hayo ni mali ya urithi inayolindwa kwa Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, lakini mipaka ya ulinzi huelekea kufuata yale yanayoonekana: nyumba, maboma na kuta. Uchunguzi wa Lang na Stump unaonesha kwamba ushahidi wenye thamani kubwa zaidi hauonekani. Umo ndani ya tope, katika tabaka zinazoweza kuharibiwa na trekta moja kwa asubuhi moja bila jiwe hata moja kuondolewa mahali pake. Kulinda mawe na kuacha tope ni kulinda jalada na kuacha kitabu.

8.0 Hitimisho

Makala hii imeeleza kwamba vijito na mifereji ya Engaruka vilipotea kwa namna mbili, kwa kukauka na kwa kufukiwa, na kwamba namna ya pili haiwezi kuelezwa kwa maumbile peke yake. Kwa takribani karne tatu tope lilikuwa mtaji wa wakulima. Liligeuka kuwa kaburi la mifereji pale tu kazi ya pamoja ilipokoma. Ulinganisho na Wabatemi unaonesha kwamba mfereji wa udongo unaweza kuishi vizazi vingi mradi mamlaka ya zamu na ya ukarabati yanaheshimiwa.

Kutokana na hayo mambo mawili yanapendekezwa. Kwanza, eneo la ulinzi wa magofu ya Engaruka lipimwe upya ili lijumuishe mashamba ya tope na njia za mifereji zilizofukiwa. Pili, mipango ya maji ya Karatu, Mang'ola na Engaruka isihesabu mabomba, visima na zege tu, bali ihesabu pia vyombo vya watumiaji wa maji vyenye mamlaka ya kweli ya kugawa zamu na kuita watu kwenye kazi. Mto Engaruka ungali unatiririka kutoka nyanda za juu kama ulivyotiririka wakati vijiji saba vilipokuwa na watu. Maji hayo yaliendelea kupatikana baada ya mji kwisha, na hilo ndilo jambo ambalo mipango ya leo haina budi kulizingatia.